Nambari ya Mwanachama Ndani ya Stakabadhi

Mwisho wa msimu uliopita alitujia ofisini mwanachama mmoja wa Kiuyu Minungwini, stakabadhi zake zote mkononi, akauliza imekuwaje jina lake halimo katika orodha ya malipo. Stakabadhi zilikuwa sahihi, na karafuu alikuwa ameleta. Kosa lilikuwa letu sisi wa daftari, na twaona ni haki yenu kuelezwa lilivyotokea na tulivyolitengeneza.

Kama mjuavyo, stakabadhi sasa twazitia katika kompyuta, katika Excel, na kazi ya kuzisafisha huifanya Power Query, ambayo tangu Excel ya 2016 imo humo humo. Taabu yote ni safu moja iitwayo Maelezo. Karani wa kituo kimoja huandika "0147-Wete". Mwenziwe huandika "Kiuyu Minungwini 0147". Wa tatu, watu wakimzonga mizanini, huandika "kaleta mwanawe", basi, nambari hakuna.

Sisi tuliiamuru kompyuta ichukue kilichotangulia kistari. Katika andiko la kwanza ilipata 0147, vyema kabisa. La pili halina kistari, na hapo ndipo penye hatari khasa: amri ya Text.BeforeDelimiter isipokiona kistari hailalamiki, hurudisha maneno yote kama yalivyo. Nambari ikawa "Kiuyu Minungwini 0147", ambayo haimo daftarini, na malipo yakakosa mwenyewe.

Dawa yake ni kutia sharti. Katika safu mpya tukaandika:

if Text.Contains([Maelezo], "-") then Text.BeforeDelimiter([Maelezo], "-") else Text.End([Maelezo], 4)

Yaani, ikiwa kistari kipo, chukua kilicho kabla yake. Kama hakipo, chukua herufi nne za mwisho, kwa kuwa nambari zetu zote ni za tarakimu nne. Maneno if, then na else lazima yawe ya herufi ndogo, na else haiachwi. Nafasi tupu za mwishoni ziondolewe kwanza kwa Text.Trim, la sivyo utapata tarakimu tatu na nafasi.

Tulifurahi mapema. "Kaleta mwanawe" ilitupa nambari "nawe"! Na "Konde 0212 - makonyo", yenye kistari mahali pasipo pake, ikatoa "Konde 0212". Ikatubidi kuongeza safu ya kukagua: jawabu likiwa na herufi nne, na zote nne ni tarakimu, lipite, kama sivyo, liandikwe ULIZA. Mistari ya ULIZA twaisoma kwa macho, mmoja mmoja, pamoja na karani aliyeiandika. Ni kazi ya kuchosha, lakini kompyuta haimjui mwana wa nani ni nani.

Safu yenyewe tumeiacha ya maandishi. Ukiigeuza ya hesabu, sifuri ya mbele huanguka, na 0147 huwa 147.

Makarani wa vituo wameombwa waandike nambari kwanza, kisha kistari, kisha kijiji. Habari za makonyo zina safu yake. Nanyi mkipewa stakabadhi, itazameni kabla hamjaondoka mizanini. Aliye na stakabadhi ya msimu uliopita isiyo na nambari na aje nayo ofisini, kwani mistari ya ULIZA haijesha yote na malipo yake hatujayafunga.