Mali ya Mwenzio Ugenini: Hukumu za Mudharaba kwa Anayefungua Biashara Nchi ya Mbali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Iko kesi ambayo maimamu wetu wanaijua vizuri. Kijana amepewa fedha na jamaa zake, amekwenda China au Dubai kufungua biashara, na baada ya miaka miwili fedha hazipo. Jamaa wanasema, "Turudishie chetu." Kijana anasema, "Biashara imekula hasara." Ukiuliza mkataba unaambiwa haukuandikwa, au unaletewa karatasi yenye sentensi moja: mtaji utarudi kamili, na faida tutagawana nusu kwa nusu. Makala hii inakusudia kueleza kwamba sentensi hiyo, inayoonekana ya haki na ya kumlinda mwenye fedha, ndiyo inayouharibu mkataba tangu siku ya kwanza.

Kutoa mali kwa mtu asafiri nayo ni jambo la kale kuliko Uislamu wenyewe. Maquraishi walikuwa wakifanya hivyo, na Bibi Khadija (r.a.) alikuwa akiwapa watu mali yake wakaifanyie biashara. Mtume wetu (s.a.w.), kabla ya kupewa Utume, alisafiri na mali hiyo hadi Sham akifuatana na Maysara. Sheria ilipokuja iliukubali mwamala huu na kuuwekea mipaka. Watu wa Iraq wakauita mudharaba na watu wa Hijaz wakauita qiradh. Maana yake ni moja: mmoja anatoa mali, mwingine anatoa kazi, na faida ni yao wote kwa fungu lililotajwa.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa ambacho ndani yake mna msingi wa suala letu. Abdullah na Ubaydullah, wana wa Sayyidna Umar (r.a.), walikuwa wakirudi kutoka Iraq pamoja na jeshi. Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa amiri wa Basra, alikuwa na fedha za Baitul-mali za kupelekwa Madina. Akawakopesha wanunue bidhaa za Iraq, wakauze Madina, wamkabidhi Khalifa mtaji na wao wabaki na faida. Walipofika, Umar aliuliza kama jeshi zima lilikopeshwa kama wao. Waliposema hapana, akaamuru walete mtaji na faida yote. Abdullah alinyamaza. Ubaydullah akajibu kwamba lau mali ile ingepungua au kuangamia, wao wawili ndio wangeilipa. Mmoja wa waliokuwapo akashauri mambo yafanywe kuwa qiradh, na Umar akakubali: akachukua mtaji na nusu ya faida, na wanawe wakabaki na nusu nyingine.

Hoja ya Ubaydullah haikuwa ya kitoto. Alikuwa akisema kwamba anayebeba hatari ya mali ndiye mwenye haki ya faida yake. Mali ambayo aliyeipokea analazimika kuirudisha kwa hali yoyote ni mkopo, na mkopo unaomletea mkopeshaji faida iliyosharutishwa ni riba. Sasa irudie ile sentensi ya karatasi. Mwenye fedha anataka usalama wa mkopeshaji na wakati huohuo fungu la mshirika. Haya mawili hayakai katika mkataba mmoja.

Maulamaa hawakutofautiana katika asili ya jambo hili: hasara isiyotokana na uzembe au uvunjaji wa masharti ni ya mwenye mali, na mtendaji hupoteza jasho lake. Walitofautiana katika mkataba uliowekewa sharti la dhamana. Mahanafi na Mahanbali wamesema sharti linabatilika na mkataba unabaki. Mashafi na Wamaliki wamesema mkataba wenyewe umeharibika. Jumuiya ya Fikihi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1988, ilikataza hati za muqaradha kuwa na sharti la mtendaji kudhamini mtaji, na ikaruhusu mtu wa tatu, asiyehusiana kimali na pande zote mbili za mkataba, aahidi kwa hiari yake kufidia hasara. Basi mzazi anayeogopa kwamba mali ya yatima aliye chini yake itapotea ana mlango huo. Asimkabe kijana koo.

Hatari ya ugenini si jambo la kubuni. Kitabu cha habari za China na India kilichoandikwa mwaka 237 Hijria (851) kinaueleza mji wa Khanfu, ambao ndio Guangzhou wanakokwenda vijana wetu leo. Wafanyabiashara Waislamu walikuwa wengi huko hata mfalme wa China akamweka Mwislamu mmoja kuwahukumu wenzake, na wafanyabiashara wa Iraq hawakuzipinga hukumu zake. Kisha, anasimulia Abu Zayd wa Siraf, mwaka 264 Hijria muasi mmoja aliuteka mji na kuwaua wageni kwa maelfu, Waislamu wakiwamo. Mali iliyopotea kwa namna hiyo, nani angedaiwa? Msafiri aliyeuawa, au watoto wake walioachwa nyumbani?

Tuje kwenye hesabu, kwani hapa ndipo wengi hupotea hata wakiwa na nia njema. Tuwaite Zaid na Amri, kama ilivyo ada ya vitabu vyetu. Amri ametoa shilingi 40,000,000, na faida ni nusu kwa nusu. Kontena la kwanza likaleta faida ya 10,000,000, wakagawana tano tano. Kontena la pili likala hasara ya 12,000,000. Amri atasema hasara ni milioni 12, na Zaid atasema tano zake alishazila kihalali. Wote wawili wamekosea. Maadamu mkataba ni mmoja na haujafungwa, faida ni ngao ya mtaji. Zaid atarudisha zile 5,000,000, na zile alizopokea Amri zitahesabiwa kuwa sehemu ya mtaji wake. Katika mali zimebaki 28,000,000. Jumla inakuwa 38,000,000, na hasara ya Amri ni 2,000,000 tu. Lau baada ya kontena la kwanza wangeuza kila kitu, Amri akashika mtaji wake mkononi, kisha wakaanza mkataba mpya, zile tano za Zaid zingekuwa zake moja kwa moja. Tunaona hili la kufunga hesabu kwa kila safari ndilo salama zaidi kwa wanaoagiza kontena moja moja.

Nauli na chakula cha Zaid navyo vina maneno. Kodi ya stoo na gharama za meli hutoka katika mali, hilo halina utata. Ama matumizi yake mwenyewe akiwa safarini, Mahanafi na Wamaliki wameruhusu yatoke katika mali kwa kiasi cha kawaida, na Wamaliki wakataka mali iwe nyingi ya kustahimili. Mahanbali wameruhusu ikisharutishwa. Imam Nawawi katika Minhaj ameipa nguvu kauli kwamba hana matumizi, si mjini kwake wala safarini, na maulamaa wa Kishafi wakasema kuyasharutisha kunaharibu mkataba. Kwa watu wa mwambao wetu, ambao wengi ni Mashafi, njia nyepesi ni kumwongezea Zaid fungu la faida ili ajilishe mwenyewe.

Mashafi vilevile hawamruhusu mtendaji kusafiri na mali bila idhini, na idhini ya safari haiingizi bahari mpaka itajwe. Anayelicheka sharti hili akumbuke kontena zinazotumbukia baharini kila mwaka. Kuuza kwa mkopo nako kunahitaji idhini kwa Mashafi na Wamaliki. Akifanya bila idhini, amevuka mpaka, na hapo ndipo dhamana inamshika.

Mgeni pia hulazimika kuwa na mwenyeji. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona vijana wakizipokea jahazi kwa mashua, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara na kusema huyu ni mgeni wangu. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, na aliyemnunua mgeni kwa bei ya chini mno, au kumuuzia bila mwenyeji kuwapo, biashara yake ilihesabiwa si kitu. Ulikuwa uwakala wa wazi unaomlinda mgeni. Katika Falme za Kiarabu, kabla ya marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2021, kampuni nyingi nje ya maeneo huru zilitakiwa ziwe na mwenyeji mwenye asilimia 51. Wengi walimwandika mwenyeji kwa jina tu na kumlipa ada ya mwaka, huku mali yote ikiwa yao. Karatasi hiyo inasema uongo, na mwenyeji akifa warithi wake wataisoma kama ilivyoandikwa. Mwenye kampuni ya zamani ya aina hiyo aibadilishe sheria inapomruhusu. Aliyeingia nchi ya watu kwa viza ameingia kwa amana, na maulamaa wamekataza kuwafanyia hiana waliompa amana hata wakiwa si Waislamu.

Kwa maulamaa wengi, mudharaba humalizika kwa kifo cha mmoja wao. Zaid akifa Guangzhou bila kubainisha mali ipi ni ya Amri, Mahanafi wanasema inageuka deni juu ya mirathi yake, na hapo mjane na mayatima watalipa kile ambacho baba yao akiwa hai hakuwa na dhamana nacho. Kwa hiyo wasia wake ueleze mtaji ni wa nani, uko katika bidhaa zipi, stoo ipi na akaunti ipi, na nani anamdai. Nakala moja ibaki kwa jamaa nyumbani, na nyingine iandikwe kwa lugha ya nchi aliyomo na kushuhudiwa huko, kwa sababu benki na mahakama za huko hazitaisoma karatasi ya Kiswahili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.