Jua, Mifupa na Mtoto Mwenye Kisukari

Wazazi wengi wamezoea kuuhesabu ugonjwa wa kisukari kuwa ni maradhi ya watu wazima. Lakini wako watoto wadogo wanaoupata, hata wale ambao hawajaanza shule. Kwa wengi wao, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila ya insulini, mwili hauwezi kuitumia ipasavyo sukari iliyomo katika damu.

Wataalamu wa nchi mbalimbali waliowapima watoto hao wameona jambo jingine: mara nyingi vitamini D katika damu yao ni pungufu kuliko ya wenzao. Huko Finland, kaskazini mwa Ulaya, ambako jua la majira ya baridi ni haba na kisukari cha watoto ni kingi mno, walifuatiliwa watoto zaidi ya 10,000 waliozaliwa mwaka 1966. Matokeo yalitangazwa mwaka 2001: waliopewa vitamini D kila siku walipokuwa wachanga, walipatwa na kisukari kwa uchache kuliko wasiopewa.

Je, vitamini D huponya kisukari? La, hasha! Uchunguzi wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Tangu insulini ilipoanza kuwatibu wagonjwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1922, si jua, si mizizi, wala si kidonge cha vitamini kilichoweza kushika nafasi yake kwa watoto hawa. Mzazi anayeikatisha sindano anauhatarisha uhai wa mwanawe.

Faida ya vitamini D iko kwenye mifupa. Huusaidia mwili kufyonza kalsiamu kutoka katika chakula, na upungufu wake huleta matege. Mtoto mwenye kisukari, ambaye mifupa yake huweza kuwa dhaifu kuliko ya wenziwe, huhitaji uangalizi zaidi.

Wala usidhani kuwa jua letu jingi linatosha lenyewe. Ngozi hutengeneza vitamini hiyo inapopigwa na jua, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Mtoto anayeshinda chumbani haambulii kitu. Mwache acheze nje. Mpe samaki wenye mafuta, kiini cha yai na maini. Vidonge usijinunulie ovyo, kwani vikizidi huongeza kalsiamu katika damu na kudhuru figo. Mwulize daktari kwanza.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwona mwanao ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara na kukonda ingawa anakula, usingoje kesho. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari.