Kwa nini kima cha chini cha mshahara hakizibi pengo

Kila Mei 1, Sikukuu ya Leba Dei, wafanyakazi husubiri kusikia iwapo serikali itaongeza kima cha chini cha mshahara. Nyongeza hiyo ni muhimu, lakini haitoshi kuziba pengo kati ya wanaolipwa vizuri na wanaolipwa kidogo.

Kwanza, kima hicho si kimoja. Kufuatia nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza kutekelezwa Novemba 2024, kibarua jijini Nairobi aliwekewa Sh16,113 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Kibarua wa shambani aliwekewa Sh7,997. Serikali huzingatia kwamba maisha ya mjini ni ghali, ila bei ya sukari au unga kijijini haipungui kwa nusu.

Pili, sheria ina nguvu pale tu inapofuatiliwa. Yaya na mtunza bustani wametajwa katika kundi moja na kibarua huyo wa jijini, na Sheria ya Taasisi za Leba ya 2007 inamfanya mwajiri anayelipa chini ya kima hicho kuwa mkosaji. Hata hivyo, yaya hufanya kazi ndani ya boma la mtu, mara nyingi bila mkataba wa maandishi. Akilalamika, wapo wengi wanaosaka nafasi yake. Wasio na ajira wanapozidi kazi zilizopo, mwajiri ndiye hupanga bei.

Isitoshe, zaidi ya wafanyakazi wanane kati ya kila kumi, ukiondoa wakulima wadogo, wamo katika sekta ya juakali. Mchuuzi aliyejiajiri hana wa kumwongezea mshahara.

Tatu, wenye vyama hujadiliana kwa pamoja. Walimu na madaktari wakigoma, nchi nzima huhisi. Yaya hana wa kugoma naye.

Nne, nyongeza hukawia. Baada ya ile ya asilimia 5 mwaka 2018, iliyofuata ilikuja 2022, ya asilimia 12, ilhali bei za bidhaa zilipanda kila mwaka.

Kwa hivyo, kiwango kinachotangazwa jukwaani ni mwanzo tu. Bila wakaguzi wa leba wa kutosha, nyongeza zinazoenda sambamba na bei, na ajira zenye mikataba, yaya atazidi kuusikia mshahara wake redioni asiupate mkononi.