Nafuu ya Taya Hupimwaje?

Chukua mfano wa mama mkulima wa Kawetele, mjini Tukuyu, ambaye kwa miezi 3 kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio, kimekuwa kikimwuma kila atafunapo. Siku ya kwanza kinywa chake kilifunguka milimita 32, na maumivu aliyapa alama 7 kati ya 10. Baada ya wiki 6 za vyakula laini, mazoezi ya taya na kukanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kinywa kinafunguka milimita 34, na maumivu ni alama 4. Je, amepata nafuu?

Tukiitazama rula peke yake, tutasema hapana. Tofauti ya milimita 2 yaweza kutokea mtu akipimwa mara mbili siku hiyohiyo. Alama za maumivu zasema vingine. Uchunguzi wa wagonjwa wenye maumivu sugu umeonyesha kwamba wengi huiona nafuu kuwa ya maana maumivu yapunguapo kwa alama 2 hivi, au asilimia 30. Mama huyu amepunguza alama 3, yaani zaidi ya asilimia 40.

Mwaka 1989 watafiti Jaeschke, Singer na Guyatt walikipa kipimo hiki msingi wake: badiliko dogo kabisa ambalo mgonjwa mwenyewe huliona kuwa na faida. Hata hivyo, kiwango hicho hutokana na wagonjwa wengi, nao hawafanani. Kwa hiyo mhudumu aanze kwa kuuliza: “Mama, taya hili limekuzuia kufanya nini, ambacho ungependa kukirudia?” Akijibu kwamba ni kula kande na wanawe, na kulala usiku bila kuamka, hayo mawili yaandikwe kwenye faili, kisha yaulizwe tena kila arudipo.

Njia hii si ngeni nchini. Mwaka 2006 Kida na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso la Kiswahili walilolitumia kwa wazee wa Pwani na Dar es Salaam, likiuliza namna matatizo ya kinywa yanavyoathiri shughuli za kila siku, kama vile kula, kusema na kulala.

Kupima vibaya kuna gharama. Anayepata nafuu aweza kusagwa meno au kupasuliwa pasipo haja, na meno yaliyosagwa hayarudi. Naye ambaye kinywa chafunguka vizuri, lakini halali kwa maumivu, aweza kuambiwa amepona.

Mhudumu na apime kwa rula ileile, kutoka ncha ya meno ya mbele ya juu hadi ya chini, na aulize maswali yaleyale kila mara. Mgonjwa naye aseme wazi asichoweza kufanya. Lakini taya likikaza ghafla baada ya jeraha, au pakiwa na homa, uvimbe au ganzi usoni, asingoje wiki 6: aende hospitali siku hiyohiyo.