Asidi ya Usoni na Jua la Tarime

Mteja anayeingia saluni Tarime mjini au Mugumu, mkoani Mara, akitaka kuambuliwa uso kwa asidi huja na mambo mawili ambayo chupa haiyataji: krimu alizopaka miaka iliyopita, na jua linalomngoja nje. Hayo ndiyo huamua kama madoa yake ya chunusi yatafifia au yatazidi.

Kazi ya asidi ni kulegeza kinachoshikanisha seli zilizokufa juu ya ngozi ili zibanduke na mpya zichukue nafasi. Asidi ya glikoliki, ambayo imo pia kwenye miwa, ina molekuli ndogo, hivyo huzama haraka. Ya salisiliki huyeyuka kwenye mafuta ikapenya vinyweleo vilivyoziba. Ndiyo maana inafaa kwa chunusi. Ya triklorasetiki huzama zaidi. Finoli huzama kuliko zote, na kwa kuwa inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, saluni isiiguse kabisa.

Ngozi nyeusi hustahimili jua vizuri, lakini ikiungua hujibu kwa kumwaga rangi, na doa likakaa miezi. Kwa hiyo kinachofaa ni asidi nyepesi inayorudiwa. Mwaka 1999 daktari wa ngozi Pearl Grimes wa Marekani alichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wenye ngozi za rangi, waliopakwa salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 kila baada ya wiki mbili. Wengi walipata nafuu, na madhara yalikuwa machache.

Tatizo kubwa ni mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Krimu zenye steroidi kali hukondesha ngozi, na asidi ambayo ingeishia juu hupenya hadi ndani. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari huweza kuacha weusi wa samawati mgumu kuondoa. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu huijua vizuri, hudhuru figo hata inapoingia kupitia krimu ya usoni. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mhudumu makini humuuliza mteja kuhusu krimu hizi kwa upole na faragha, kwa sababu wengi huona haya kusema. Akikiri kuwa anapaka mkorogo, asidi haipakwi siku hiyo, hata kama fedha iko mkononi. Vilevile asipakwe mwenye vidonda vya homa mdomoni, anayemeza dawa ya chunusi ya isotretinoini, au ambaye makovu yake huvimba. Salisiliki wasipakwe wajawazito na wenye mzio wa aspirini.

Wengine wote wajaribiwe kwanza sehemu ndogo nyuma ya sikio. Siku ya kazi, vaselini hupakwa pembe za macho, mbavu za pua na midomo, na saa huwekwa mbele ya mhudumu. Glikoliki huhesabiwa kwa dakika chache, kisha huzimwa kwa magadi laini (baking soda) yaliyoyeyushwa kwenye maji. Ngozi ikianza kuwa nyeupe kabla ya muda, izimwe papo hapo. Salisiliki ni tofauti: weupe wake wa unga ni chembe za asidi zilizokauka, si kuungua. Anayechanganya mambo haya mawili hana budi kurudi kujifunza.

Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya wananchi dhidi ya kununua asidi kali za usoni na kujipaka bila mtaalamu. Onyo hilo linafaa pia kwa chupa isiyotaja asilimia.

Kisha jua. Tarime na Mugumu ziko karibu na ikweta, tena nyanda za juu, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Muuza ndizi gulioni au dereva wa bodaboda hawezi kukaa ndani wiki nzima, hivyo apange siku zake mapema: kofia pana, krimu ya jua ya SPF 30 au zaidi, na asibandue magamba kwa kucha. Asiyeweza kufanya hivyo ni heri aahirishe.

Uso ukivimba, ukitoa usaha, au weusi ukizidi baada ya wiki mbili, asiongezwe asidi nyingine juu yake. Aende hospitali, aombe rufaa kwa daktari wa ngozi. Hospitali ya Bugando ya Mwanza iko karibu kuliko hospitali ya KCMC ya Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu 1992. Achukue na chupa iliyotumika, kwa sababu daktari atataka kujua asidi gani, ya asilimia ngapi, na ilikaa usoni dakika ngapi.