Stempu za Unguja na Namna ya Kuzitambua

Mkazi wa Riruta Satellite aliyerithi mkebe wa barua za kale kutoka kwa mzee aliyepata kufanya kazi pwani huenda akakuta humo bahasha zilizopita katika posta ya Unguja, na pengine jambo la kwanza litakalomjia moyoni ni kuzibandua stempu zake zote ili azipange katika albamu. Nami ningemsihi, kabla hajaitia hata moja majini, auzuie mkono wake, kwa kuwa stempu za visiwa vile, kuliko nyingi nyinginezo, hutaka kusomwa pamoja na bahasha zilizozibeba.

Sababu yake ni ya kihistoria. Posta iliyohudumia Unguja katika siku za Sayyid Barghash haikuwa ya Sultani, bali ya Serikali ya India, iliyofungua ofisi mwaka 1868, ikaifunga mwaka uliofuata, kisha ikairejesha mwaka 1875 na kuiendesha hata 1895. Muda wote huo barua za wafanyabiashara, mabalozi na wamisionari zilisafiri kwa stempu za India tupu, zenye kichwa cha Malkia Victoria, wala jina la Zanzibar halimo ndani yake. Shahidi wa pekee ni muhuri wa posta uliopigwa juu yake, wenye jina la kisiwa na tarehe. Ukiibandua stempu ya namna hiyo, na nusu ya muhuri ikasalia kwenye bahasha, umekwisha kuirudisha katika kundi la stempu za India zisizo na idadi. Wafaransa nao walikuwa na posta yao mjini tangu 1889 hata 1904, na Wajerumani kwa muda mfupi baina ya 1890 na 1891. Na hao wa pili, ambao hawakuandika chochote juu ya stempu zao, hutambulikana kwa muhuri vilevile.

Mnamo Novemba 1895, posta ilipotoka mikononi mwa India, stempu zile zile zilipelekwa kwenye kiwanda cha gazeti la serikali pale Unguja, zikapigwa chapa ya neno Zanzibar. Ishike mojawapo kwa kibanio chini ya lenzi: juu utasoma maneno ya Kiingereza ya posta ya India, katikati yupo Malkia, na juu yake neno jipya la wino, lililopangwa kwa herufi za risasi moja moja. Aghalabu mpangaji aliteleza, na kwa hiyo zipo zilizosomeka “Zanzidar” na nyingine “Zanibar”, ambazo leo hutafutwa kwa bei kubwa. Na kwa sababu hiyo hiyo walaghai hawakukawia kuziiga. Hapa pia muhuri ndio hakimu: stempu yenye neno Zanzibar, lakini yenye muhuri wa mwaka 1892, imejihukumu yenyewe.

Baada ya hapo zikaja stempu za visiwa vyenyewe, na kuzipambanua ni kazi ya kuangalia uso, fedha na karatasi. Zile za 1896 zina sura ya Sayyid Hamed bin Thuwaini baina ya bendera nyekundu, ingawa yeye mwenyewe alifariki mwezi wa Agosti mwaka ule ule, siku mbili kabla ya mizinga ya Waingereza kuivunja kasri. Wakamfuatia Sayyid Hamoud, kisha Sayyid Ali, na Sayyid Khalifa bin Haroub aliyetawala tangu 1911 hata 1960. Iwapo thamani imeandikwa kwa anna, stempu ni ya kabla ya mageuzi ya 1908, rupia ilipogawanywa kwa senti mia. Na ikiwa imeandikwa shilingi, haitangulii mwaka 1936. Kadhalika, ukiilaza stempu kifudifudi katika sahani nyeusi na kuidondoshea benzini kidogo, mbali na moto, alama ya maji hujitokeza: nyota katika nyingi za zile za India, waridi katika zile za mwanzo za Unguja.

Mwisho wa mfululizo huu una mtego wake. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalipoangusha ufalme, stempu za masultani zilizokuwamo ghalani zilipigwa kwa mkono muhuri wa “JAMHURI 1964”, wakati mwingine kombo, wakati mwingine juu chini, kabla ya chapa ya mashine kufuata. Muhuri wa mkono huigwa kwa wepesi mno, na stempu mpya ambayo haikupata kusafiri haina wa kuitolea ushahidi, ilhali bahasha nzima iliyopelekwa Nairobi majuma yale, tarehe zake zikisomeka sawasawa, hutoa ushahidi wake bila kusaidiwa. Stempu za Zanzibar peke yake zilikoma mwisho wa 1967.

Basi, msomaji, ukiupata mkebe wa namna hiyo, weka kila bahasha kama ilivyo katika mfuko safi na mkavu, andika kando tarehe na majina ya miji yaliyomo katika mihuri ya mbele na ya nyuma, ndipo ufungue katalogi. Anayeanza kwa kuuliza bei humwachia muuzaji maamuzi yote; anayeanza kwa kusoma muhuri huujua ukweli wa mali yake kabla haijatajwa shilingi.