Kiduha: Ua la Zambarau na Siri ya Mizizi

Mtu asafiriye kutoka Shinyanga kuelekea Geita, msimu wa mvua unapokaribia kwisha, aghalabu huona katika mashamba ya mtama na mahindi mimea yenye mashuke marefu ya maua ya zambarau. Mgeni huyasifu maua hayo. Mkulima huyatazama kwa huzuni, kwani anajua kwamba ghala lake halitajaa. Mmea huo ni kiduha, ambao wataalamu huuita Striga hermonthica.

Kiduha ni mmea wa asili wa mbuga za Afrika. Huishi kwa kunyonya mizizi ya nyasi. Mtama, uwele, mpunga na mahindi, yaliyoletwa kutoka Amerika, yote ni mimea ya jamii ya nyasi. Hivyo binadamu alipoanza kuilima alikiongezea kiduha chakula. Ingawa majani yake ni ya kijani na hujitengenezea sehemu ya chakula chake, maji na madini yote hukipata kwa kumnyang'anya mwenyeji wake.

Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu, nazo ni ndogo kama vumbi. Mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 bila kufa. Akiba yake ya chakula ni haba mno: ikiota mahali pasipo mzizi wa kunyonya, hufa baada ya siku chache. Basi, mbegu hujuaje kwamba mzizi umekaribia?

Mwaka 1966 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamepata, katika majimaji yatokayo kwenye mizizi ya pamba, kemikali inayoziotesha mbegu hizo. Waliiita strigoli. Lakini kwa nini mmea umwite adui yake? Jibu lilipatikana mwaka 2005, watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba kemikali za aina hiyo huwaita kuvu wema wa udongoni, ambao huusaidia mzizi kupata fosforasi. Udongo unapopungukiwa na fosforasi, mmea huongeza wito wake. Kiduha huusikia wito usiokihusu, kikaitikia.

Ndiyo sababu kiduha hustawi zaidi katika udongo uliochoka, hasa ule wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni. Ndiyo sababu pia palizi peke yake haitoshi: kiduha hukaa wiki kadhaa chini ya ardhi kikinyonya, na kinapochomoza sehemu kubwa ya madhara imekwisha kutendeka.

Hata hivyo, siri hiyo ya mizizi ni silaha pia. Pamba, zao maarufu la Usukuma, huziotesha mbegu za kiduha, lakini kiduha hakiwezi kuinyonya. Mbegu huota, zikakosa mwenyeji, zikafa. Karanga na kunde zaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kwa kuwa mbegu ni nyingi mno, hapana budi mazao yabadilishwe kwa misimu kadhaa. Samadi, isiyokosekana katika nchi ya wafugaji, hurudisha rutuba na kupunguza wito wa mizizi. Aidha, mwaka 2002 Tanzania iliidhinisha mbegu mbili za mtama zinazostahimili kiduha, Hakika na Wahi.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi jepesi. Wachague mashamba mawili ya mtama yaliyo jirani, moja lililotiwa samadi na jingine lisilotiwa, wapime kipande cha mita 10 kwa 10 katika kila moja, na kuhesabu miche ya kiduha. Kisha wawaulize wenye mashamba ni mazao gani yaliyopandwa humo misimu iliyopita. Baada ya kuhesabu, waing'oe miche hiyo kabla haijakomaza mbegu, na kuichoma moto. Wasiichukue nyumbani kwa ajili ya uzuri wa maua yake, kwani shuke moja lililokauka latosha kuliambukiza shamba jipya kwa miaka mingi.